Vuli Yetu Si Mapukutiko Yao

Neno ninalolitetea leo ni vuli. Halijafa, wala halijasahaulika; lingekuwa limesahaulika, ningeliandikia tanzia nikanyamaza. Msiba wake ni mbaya zaidi: lingali hai, lakini limevishwa maana isiyokuwa yake. Fungua kitabu cha hadithi za watoto kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, au iulize mashine ya kutafsiri jina la majira yale ambayo majani ya miti ya Ulaya hugeuka rangi na kudondoka kabla ya baridi kali. Mara nyingi mno utajibiwa: vuli. Na jibu hilo si kweli. Si kweli Tanga, si kweli Pangani, si kweli Unguja wala Pemba, na si kweli popote palipo na mkulima anayeingoja vuli akiwa ameshika jembe.

Kwa muda mrefu kosa hili lilikuwa la watafsiri peke yao. Sasa limeingia katika ushairi. Kijana mmoja wa sekondari, mzaliwa wa Muheza, aliniletea shairi lake nilisome. Vina vyake vilikuwa sawa, na mizani haikupungua hata moja. Lakini ndani yake moyo wa mpenzi aliyeachwa ulifananishwa na mti wa vuli: umekauka, umepukutisha majani, unangoja kufa. Nikamuuliza, "Mwanangu, vuli kwenu huwaje?" Akajibu bila kusita, "Vuli mvua hunyesha, mwalimu. Watu wanapanda mahindi na maharage." "Basi mti wako umekaushwa na nini?" Akatabasamu, akaniambia kwamba hiyo ndiyo vuli ya kwenye mashairi.

Vuli ya kwenye mashairi! Sikumkemea, kwa kuwa hakuibuni yeye, ameikuta vitabuni. Lakini tulitazame jibu lake kwa makini. Kijana huyu ana vuli mbili. Moja anaiishi: inamlowesha njiani akitoka shule, inamfanya mama yake aamke alfajiri kwenda shambani. Nyingine anaiandika, naye hajapata kuiona hata siku moja. Na katika hizo mbili, aliyoiona kuwa yafaa kutiwa katika shairi ni ile asiyoijua. Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Lugha ikifika mahali pa kumfundisha mtoto kwamba mvua ya kwao si ya kishairi, ila majani makavu ya ugenini ndiyo ya kishairi, basi tumeshaacha kuzungumzia tafsiri. Tunazungumzia utumwa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nao hawakuyasema hayo kwa mchezo.

Tuanze na jambo lenyewe. Vuli ni msimu wa mvua fupi, zinazonyesha baina ya Oktoba na Desemba katika maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu huu kila mwaka kwa pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, na pia kwa nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Viktoria. Katika taarifa hizo vuli ina maana moja tu. Watabiri hawasemi lolote juu ya kupukutika kwa majani. Wanasema mvua itakuwa chini ya wastani, ya wastani au juu ya wastani, itaanza lini, na itakoma lini.

Sababu ya vuli iko angani. Mji wa Tanga uko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua huivuka ikweta kuelekea kusini baina ya tarehe 22 na 23 Septemba, na katika wiki ya kwanza ya Oktoba hupita utosini mwetu. Ukanda wa mawingu ya mvua huliandama jua, ukichelewa nyuma yake kidogo. Jua likirudi kaskazini hupita tena utosini mapema Machi, na nyuma yake hufuata masika. Baina ya safari hizo pepo nazo hupokezana: kusi hupungua nguvu, bahari ikatulia, kisha kaskazi huanza kuvuma. Mvuvi wa Tongoni huitambua vuli kwa tanga lake, na mkulima wa Bonde huitambua kwa harufu ya udongo.

Wazee wa pwani hawakuyaacha mambo haya yaende kwa kubahatisha. Walikuwa na mwaka wao wa jua, unaoanza Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za gatha zinazobaki kukamilisha siku 365. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua lini ang'oe nanga na mkulima alijua lini achome kichaka. Mwaka wa Kiislamu wa mwezi ulitosha kwa ibada, lakini hauwezi kumwambia mtu wakati wa kupanda, kwa sababu husogea kila mwaka. Ndipo wakautunza na huu wa jua. Watu wenye hesabu kama hiyo hawakuwa na upungufu wa majina ya majira. Walikuwa na masika na vuli, kiangazi na kipupwe, mchoo wenye manyunyu ya katikati ya mwaka, demani ya upepo mwanana, malelezi ya pepo zinazobadilika, na matlai ivumayo kutoka mashariki. Kila jina lina kazi yake. Hakuna hata moja lililokuwa likikaa bure likingoja kuazimwa na majira ya London.

Asiyeniamini na apande Amani. Mwezi wa Novemba, miaka michache iliyopita, nilizunguka kwa miguu bwawa dogo lililoko huko, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ni bwawa tu, halina makuu: maji yaliyotulia, matete ukingoni, na msitu uliolizunguka pande zote. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile, na ukungu ulikuwa ukiinuka juu ya maji kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Hata hivyo vuli huonekana wazi. Vijito vilikuwa vimepata sauti. Vyura walikuwa hawanyamazi. Njia ilikuwa na utelezi wa kumtia mtu adabu.

Na majani? Ndiyo, yalikuwapo majani mekundu. Pembezoni mwa msitu, katika mashamba ya viungo ya wenyeji, midalasini ilikuwa imevaa wekundu kwenye ncha za matawi yake, wekundu wa kuvutia macho kutoka mbali. Mgeni aliyelelewa na vitabu vya kigeni angepiga picha na kuandika chini yake kwamba vuli imefika na majani yanazeeka. Angekuwa amesema kinyume cha ukweli. Majani yale yalikuwa ndiyo kwanza yamezaliwa. Jani changa la mdalasini hutoka likiwa jekundu kwa sababu ile rangi ya kijani inayolilisha mti haijajaa ndani yake. Kadiri linavyokomaa ndivyo linavyogeuka kijani. Mwembe hufanya vivyo hivyo. Miyombo ya Handeni nayo hujipaka wekundu na shaba kabla hata mvua hazijashuka, ikijiandaa kuzipokea. Huko Ulaya jani huwa jekundu au la manjano kwa sababu rangi ya kijani inavunjika na kuondoka, nalo linaelekea kufa. Wekundu huu ni wa kuzaliwa, na ule ni wa kuagana. Anayeziita hali hizo mbili kwa neno moja anamwita mtoto mchanga na maiti kwa jina moja kwa sababu wote wamefungwa nguo nyeupe.

Pale Amani pana funzo jingine linalohusu mada yetu. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, walileta miti kutoka pande nyingi za dunia wakaipanda kuijaribu. Mingi ilikaa mahali ilipopandwa, haina neno na mtu. Mmoja, ambao Waganda huuita musizi, haukukaa. Hondohondo walipenda matunda yake, wakaisambaza mbegu msituni, na kila palipoanguka mti wa asili au kukatwa, musizi uliwahi kuota. Si mti mbaya huko kwao Uganda. Ubaya wake Usambara ni kukaa mahali pa mwingine. Sina ugomvi na neno geni linalokuja na kitu chake kigeni. Ugomvi wangu ni na maana ngeni inayokalia kiti cha maana ya wenyeji, nasi tukawa hondohondo wa kuisambaza.

Nimewahi kujibiwa kwamba vuli na majira yale ya Ulaya huangukia miezi ileile, Oktoba na Novemba, na kwamba kufanana huko kunatosha. Hoja hii haisimami hata kwa mguu mmoja. Majira ya majani kupukutika huko Australia huwa Machi hadi Mei. Kwa kipimo cha miezi, basi, mtafsiri atakayeandika habari za Sydney itampasa aseme majani ya miti yanapukutika katika masika, na yule wa London aseme yanapukutika katika vuli, hali wote wawili wanatafsiri neno moja la Kiingereza. Tena Tanga iko kusini mwa ikweta, upande uleule wa Australia. Kwa hesabu ya wanaanga, Oktoba katika upande wetu wa dunia ni majira ya kuchipua. Kwa hiyo aliyelazimisha mlingano wa vuli na mapukutiko amekosea mara mbili: amekosea kwa mvua, na amekosea kwa jua.

Wengine huhama kutoka kwenye miezi wakakimbilia hisia. Husema mshairi hajali kalenda. Anachotaka ni ule utulivu na huzuni ya mwaka unaokwisha. Vema, na tuzitazame hisia. John Keats alipoyaandikia majira hayo shairi lake mashuhuri, Septemba mwaka 1819, hakuanza na huzuni. Alianza na shibe: matunda yaliyoiva, mavuno, nyuki waliojaliwa. Kwa Mwingereza majira hayo ni ghala lililojaa kwanza, ndipo baadaye yawe baridi inayokuja. Sasa vuli ya Tanga ina ghala gani? Mavuno makubwa ya mahindi huja baada ya masika, katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe. Ifikapo Oktoba ghala linapungua, na kilichobaki hutazamwa mara mbili kabla ya kupimwa: hiki cha kula, hiki cha mbegu. Vuli ni wakati wa mtu kutwaa chakula ambacho angeweza kukila leo akakifukia ardhini kwa kutumaini. Hisia yake ni matarajio yaliyochanganyika na hofu. Mshairi anayetafuta hisia nzito ataipata hapo. Hana haja ya kwenda kuomba huzuni kwa jirani.

Nina hoja ya tatu ya kuijibu, nayo ndiyo ya kuheshimiwa zaidi. Inasema kwamba lugha hukua, maneno hupanuka, na anayezuia upanuzi anaua lugha. Nakubali kwamba lugha hukua. Kiswahili kilipokutana na theluji hakikuiita mvua ya mawe. Kilichukua jina kutoka Kiarabu, na leo theluji ni neno letu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, alimleta Omar Khayyam katika Kiswahili mwaka 1952, na hakuna aliyemwona kuwa adui wa ugeni wala mtumwa wake. Upanuzi wa kweli huongeza. Neno hupata maana ya pili na la kwanza likabaki salama. Hapa maana ya pili inaipinga ya kwanza waziwazi: moja ni kumea, nyingine ni kunyauka, moja ni mwanzo, nyingine ni mwisho. Neno haliwezi kubeba zote mbili bila moja kuitupa nyingine, na yenye vitabu, runinga na mashine nyuma yake ndiyo itakayobaki.

Tena hatuhitaji kufika mbali kuona jinsi Kiswahili kinavyoweza kusimama imara. Angalia saa. Mwingereza akisema saa ya saba ya asubuhi kwa hesabu yake, mtafsiri wetu huandika saa moja asubuhi. Hata mwanafunzi wa darasa la tatu anajua kwamba saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, naye hubadili hesabu bila kuona haya. Mtu akiandika saa saba asubuhi akimaanisha muda huo, tunamcheka. Kwa nini basi tunaijua siku yetu kiasi hicho, na mwaka wetu hatuutetei? Saa tumeikataza isitupotoshe. Majira tumeyaachia yapotoshwe.

Wala hatukosi neno la kuwapa wageni. Kitenzi pukutika ni chetu, nacho kimeumbwa kwa ajili ya jambo hili hasa: majani kuanguka mengi, moja baada ya jingine. Tayari wapo waandishi makini wanaosema majira ya kupukutika majani. Anayeona maneno hayo ni marefu na aseme mapukutiko. Mapukutiko ya London, mapukutiko ya Kanada, mapukutiko ya Sydney mwezi wa Aprili: neno linamaanisha kinachotokea, halidanganyi mahali popote, na katika shairi lina mizani tano za kuchezea. Asiyelipenda na alete jingine. Lakini asilete vuli.

Yapo madhara yanayozidi ushairi. Mwanafunzi mmoja aliandika katika zoezi lake kwamba vuli ni msimu wa mvua, akawekewa alama ya kosa kwa sababu kitabu kilichotumika darasani kilisema ni msimu wa majani kuanguka. Shule siitaji, mwalimu naye alifuata kilichochapishwa. Lakini fikiri mtoto huyo amejifunza nini. Amejifunza kwamba bibi yake hajui Kiswahili. Kesho redio ikitangaza kwamba vuli itakuwa chini ya wastani, neno hilo halitamgusa kama lilivyomgusa bibi yake, aliyekuwa akilisikia na mara moja anahesabu debe zilizobaki. Vuli ya 1997, mwaka wa El Niño, ilipita kiasi ikaharibu barabara na mashamba. Vuli ya 2023 nayo ilikuja na El Niño na mvua kubwa. Ipo pia miaka ambayo vuli hugoma, mbegu ikaoza au ikaliwa na mchwa. Katika nyakati hizi ambazo majira yenyewe yanayumba, jina la msimu ni chombo cha tahadhari. Huwezi kumwonya mtu kwa neno ambalo umeshamfundisha kwamba linahusu miti ya nchi nyingine.

Kwa hiyo sitaki tuishie kwenye malalamiko. Washairi wa Kijapani wana desturi ya maneno ya majira: shairi fupi la haiku hubeba neno linaloonyesha wakati wa mwaka, na maneno hayo yamekusanywa katika vitabu maalumu ambavyo mshairi huvirejea. Waliyachungulia majira ya kwao mpaka kila chura na kila ua likajua mwezi wake. Sisi tuna utajiri wa namna hiyo, umetawanyika katika vinywa vya wavuvi wa Mtang'ata, wakulima wa Muheza na Korogwe, na manahodha wa Pangani. Naupendekeza ukusanywe. Kila msomaji wa ukurasa huu alete maneno ya majira ya kwao: upepo unaitwaje, mvua ya kwanza inaitwaje, mti gani huchanua na ndege gani hufika. Mbayuwayu, kwa mfano, huondoka Ulaya majani yakianza kupukutika, nao hutufikia vuli ikiwa imeshika. Ndege huyo anaijua tofauti ya majira haya mawili kuliko kamusi zetu. Ndiyo iliyomfanya asafiri.

Wahariri wa vitabu vya watoto nawaomba wasahihishe matoleo yajayo. BAKITA nawaomba wautolee mlingano huu tamko la wazi, ili mtafsiri asiwe na pa kujificha. Walimu nawaomba wamwamini mtoto anayeitazama mvua dirishani kuliko ukurasa ulioandikwa na mtu asiyeiona. Na vijana wa ushairi, kama yule wa Muheza, nawaachia ubeti huu mmoja. Si wa kuigwa. Ni wa kujibiwa.

Kusi likishapungua, mawingu yakatokea,
Mkulima hutambua, shamba kulielekea,
Mibuyu ikachanua, majani yakaenea,
Hiyo vuli twaijua, vipi yafe yakimea?

Mbuyu nimeutia kwa makusudi. Huo ndio mti wetu unaokaa uchi kweli, matawi yameinuka kama mizizi. Lakini tazameni wakati wake: huvua majani kiangazi cha katikati ya mwaka kinapouchosha, na mvua za vuli zinapokaribia huvaa tena na kutoa maua yake meupe yanayofunguka usiku. Kama kuna mshairi wa pwani anayetaka mti usio na majani kwa ajili ya moyo uliovunjika, mbuyu uko hapo, auchukue pamoja na mwezi wake. Akiuchukua hivyo atapata na zaidi ya alichokitafuta: mti ulioachwa uchi ambao, vuli ikija, haufi. Usiache mbachao kwa msala upitao.